Koti la Plasidi

Mkono wangu bado unakataa kuandika "marehemu Plasidi". Tangu Jumanne naandika, nafuta. Leo naacha hivyo hivyo, na nina jambo la kukiri mbele yenu wote.

Mliomjua kwa zile video mnamjua mzee wa Kindu mwenye koti la rangi ya krimu, anayetembea Jumapili kama vile barabara aliijenga yeye. Yule mwanamke wa suruali na kofia nyuma yake njo mimi. Wakati wa vita tulikuwa masapeur watano. Sasa nimebaki mimi.

Sapeur ni mtu aliyeamua kuvaa vizuri hata kama hajala. Wakati ule treni haiji, mji umefungwa, watu wanakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na sisi tunapaka viatu masizi na mawese ili ving'ae. Mji mzima ulituona wendawazimu. Mama zangu wadogo walisema nimerogwa, mwanamke gani anafunga tai.

Mama Furaha, mke wa fundi wa reli, alisimama kanisani akasema sisi ni watu wa shetani. Sikusahau. Mimi naweka kinyongo, mnanijua.

Haukupita muda mrefu mume wake akafa kwa homa, dawa hakuna. Askari walikuwa wamepora nguo zote nyumbani kwao. Akaja kwa Plasidi kwa mlango wa nyuma, upande wa jikoni, kuazima koti. Watu wamwone Baba Furaha mara ya mwisho akiwa na heshima yake, kisha kabla ya kufunga jeneza watamvua, atalirudisha.

Nilimwambia Plasidi amfukuze. Yeye akaenda kuwasha pasi ya makaa.

Koti lilirudi jioni, limekunjwa vizuri, halikufuliwa. Jumapili Plasidi akalivaa. Tukamuuliza kama akili zake ziko sawa. Akasema twende, na badala ya kushika njia ya stesheni akakata kushoto, akaingia avenue anakokaa Mama Furaha.

Yule mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akainuka. Macho yake yanaona vizuri hata leo, msije mkasema ni upofu. Alitazama koti, hakutazama uso.

"Baba Furaha, umekuya?"

Plasidi, mtu wa maneno kama redio, akajibu kwa ufupi.

"Nimekuya, Mama Furaha."

Akamuuliza kama amekula. Akajibu amekula. Akamwambia paa linavuja upande wa watoto, akajibu ameliona. Sisi wanne nyuma tumesimama, hakuna aliyecheka.

Jumatatu Plasidi akapanda lile paa na nguo zake za kazi. Mama Furaha akamwita Plasidi, akamletea maji kama mgeni yeyote. Hakugusia jambo la jana.

Baada ya hapo mlango wa nyuma haukupumzika, wafiwa wakija kuazima koti la maiti wao. Mwalimu mmoja. Mvuvi aliyetolewa majini upande wa Lokandu. Wengine. Mlango wa mbele walituita wahuni, wa nyuma walituita baba. Na kila maiti aliyevaa koti lile aliongeza nyumba moja kwenye njia yetu ya Jumapili. Ndiyo maana tulizunguka mitaa ya Kasuku na Mikelenge kama watu waliopotea. Mkadhani ni majigambo.

Siku moja nilimuuliza anasikia nini ndani ya lile koti. Akasema akikaribia nyumba fulani mabega yanalemewa, akishapita koti linakuwa jepesi. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza njia yenye matope.

Vita ikaisha. Treni ikarudi, siku inayotaka yenyewe. Mabalo, marobota ya mitumba, yakaja, hakuna tena wa kuazima. Lakini milango ile iliendelea kumngoja, na yeye hakukosa Jumapili hata moja, hata na malaria.

Mwezi uliopita alinishika mkono. "Siku yangu, nivalishe lile koti. Na usinivue. Nimechoka kuitwa majina ya watu."

Nikaapa.

Jumanne akatutoka. Kaka yake ni shemasi, miaka yote hakukubali kutembea naye njia moja. Akasema maiti atavaa shati jeupe na koti lichomwe, maana lina watu ndani. Nilibishana naye mpaka akachoka. Plasidi akavaa koti lake. Alipendeza, jamani. Alipendeza sana.

Jeneza linakaribia kufungwa, Mama Furaha akanivuta upande wa jikoni. Sasa ni bibi. Nyuma yake walisimama wajane wengine. Hakulia. Aliniuliza tu, "Akienda nalo, mume wangu atapitia wapi?"

Nilimvua. Mikono yangu hii hii. Mkono wake wa kushoto ulikataa kutoka kotini, nikauvuta.

Jana Jumapili nimelivaa. Ni refu kwangu, linanifunika vidole. Vijana wa pikipiki walicheka, nikawaacha. Mama Furaha alikuwa mlangoni. Akauliza, nikajibu kwa sauti yangu hii ya kike, wala hakushtuka. Akaniuliza kama nimekula. Na ni kweli, mabega yanalemewa.

Nyumba ya mwisho sikuipanga. Nilijikuta tu niko mbele ya ua wa shemasi. Alikuwa ameketi nje, Biblia mapajani, nikajiandaa kutukanwa. Akasimama. Alitazama koti, hakutazama uso wangu.

"Plasidi, umekuya?"

Koti likawa zito mpaka nikashika ukuta.

"Nimekuya, yaya," nikajibu, kama mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa.

Akaniletea kiti. Tukakaa mpaka jua likashuka, na ananisimulia mambo ya utoto wao ambayo mimi siyajui, nami naitikia.

Nisamehe, ndugu yangu. Ulichoka kuitwa majina ya watu, na sasa mimi naitwa lako. Lala, Plasidi. Lala kabisa, usiamke kwa ajili ya mtu. Wakikuita, nitaitika mimi.