Hapana Tano ku Fishi ya Riziki

Siku yangu ya kwanza ku kazi, ku santere ya afya ya Mboko, Infirmye Titilere alinipatia bic moja ya kuandikia na konya moja ya kichwa. Bic juu nilimaliza masomo ya primere na nilikuwa naandika muzuri. Konya juu nilichelewa. Musicheke, bandugu. Mi niko ku retrete sasa, nilishapumuzika kazi, hata kama ndevu yangu haiyaota yote, na muntu wa retrete banapashwa kumuheshimia.

Infirmye Titilere, ni kusema muuguzi mukubwa wa santere, alikuwa muzee mukavu, soksi ndefu, hachekake. Alinifundisha kuuliza. Muntu akitaka kupasuliwa, tunamujazia kwanza fishi, karatasi ya maulizo tano. Balishaka kukupasula? Damu yako inakawiaka kukauka? Pumuzi inakukatikaka? Unakunywaka dawa gani, ya farmasi ama ya pori? Na ya tano: we ama bantu ya kwenu, kovu inavimbaka?

Ile ya tano niliona ni ya bule.

"Patron, kovu si ni kovu?"

"Kichwa ya mbuzi we! Kuko bantu, kidonda inapona lakini kovu haijue kusimama. Inakomaa, inapita fasi ya kidonda. Ile njo keloidi. Ukiikata bila kujua, inarudia kubwa kuliko ya kwanza. Na inatembeaka mu jamaa."

Alikuwa anauliza muntu moja moja, nyuma ya kirago yenye tulitundika ku mulango. Siku nilichekelea jibu ya mama moja, alinivuta sikio. "Padiri akisikia zambi yako, anaitangazaka ku soko?"

Kisha vita ikafika Mboko. Baliiba malalo, baliiba dawa, baliiba hata kirago. Infirmye Titilere akavuka ziwa na bakimbizi, sikumuona tena. Mi nikaenda Baraka na miguu, bic yangu mu mufuko.

Ku Baraka nilipata mukubwa wa pili, Dokta Shirurjie, mwenye kutengeneza ngozi na sura: alama ya moto, kovu ya bombe, uvimbe, na pia bantu benye balitaka tu kupendeza. Si zambi kutaka kupendeza, hata bunduki ikiwa inalia. Dokta alikuwa anakuja na ndege siku kidogo kila mwezi, na mukono muzuri na roho ya mbio. Meza yangu aliiweka ku baraza, mbele ya mulolongo yote.

"Dokta, tutafute hata kirago..."

"Kirago ya nini? Soma kwa nguvu, andika, mwengine aingie! Ndege haitaningoja."

Na mi, niseme ukweli, nilipenda. Bantu mingi banakuangalia we moja! Siku moja muzee wa Kilembwe, mwenye uvimbe ku shingo, akanisogelea ku sikio. Akasema pole pole anakunywaka mizizi, ile ya nguvu ya bwana. Nikasimama: "Bamama, muone muzee! Uvimbe iko ku shingo, dawa anaipeleka chini!" Baraza yote ikaanguka na kicheko. Muzee akakamata fimbo, akarudia Kilembwe na uvimbe yake.

Nyuma yake alikuwa mama Riziki, mushonaji wa Lubondja. Kipande ya bombe ilimupasulaka shavu, na ku soko balikuwa banamwita Mama Kovu. Alivaa bluzi ya mikono mirefu, na jua inachoma.

"Nataka tu banirudishie jina yangu," akasema.

Nikauliza ya kwanza. "Hapana." Ya pili, ya tatu, ya ine. "Hapana." Ku ya tano, mukono yake ikapanda ku bega, ikashuka. "Hapana."

Niliona ile mukono. Niliiona! Lakini nilikuwa naangalia mwenye kumufuata, natafuta kichekesho yake. Nikaandika hapana tano, mwandiko safi.

Balimupiga shindano ya kulalisha shavu, balimupasula na bluzi yake mwilini. Ku mwanzo shavu ilikuwa laini, alikuwa anazunguka na kioo mu mukono. Kisha miezi kidogo akarudi. Kovu ilikuwa nene sawa tangawizi, inavuta mudomo upande. Akasimama mbele ya meza yangu, akafungua bluzi. Ku bega, fasi balimuchanjaka akiwa mutoto, keloidi sawa ngumi.

"Mama, juu ya nini ulinificha?"

"Kwetu banasemaka hii ni ukoma. Ningeisema mbele ya bale bantu? Ule muzee wa Kilembwe, ulimufanya nini?"

Nikaanza kupanga makaratasi ku meza.

"Jibu, mucheshi! Leo sauti iko wapi?"

Niliingia kwa Dokta bila hodi, nikamuelezea kovu ya Riziki na bega yake. Hakuinua hata macho.

"Fishi inasema nini?"

"Hapana."

"Basi alitudanganya."

"Sisi njo tulimufunga mudomo!" nikapiga kelele. "We na baraza yako, mi na mudomo yangu! Na hukumufungua hata bluzi!"

Kesho yake nilitundika kirago mbele ya meza. Dokta akasema nichague, kirago ama kazi. Nikaondoa kirago ku musumari, nikaenda nayo. Ile njo retrete yangu. Leo naanikia juu yake ndakala, samaki ndogo za kuuzisha ku soko.

We mwenye utakaa ku ile meza, funga mulango, kisha funga mudomo. Na we mwenye unatafuta sura nzuri, bakikuuliza mbele ya bantu, sema: "Tuende kando." Kule utapike yote: mizizi, chanjo, kovu ya dada yako. Bakikataa kwenda kando, rudia kwako na sura yako.

Riziki angali ku soko, angali Mama Kovu. Na mi alinipatia jina.

"We Hapana! Nipimie ndakala, na usiibe!"

Bantu banaulizaka: "Hapana? Juu ya nini Hapana?" Ye hajibuke. Anakunja mikono, ananiangalia, anangoja. Njo nabaelezea yote nilimufanyia, kwa nguvu, mulolongo yote isikie.