Siku Ambayo Watu Hawakuitwa

Kanisani Chiungutwa hakuna aliyethubutu kuongoza zaburi mbele ya Veridiana, Mama Dominika. Vitabu vilikuwa viwili tu na kimoja kimeliwa na mchwa, kwa hiyo yeye aliimba mstari kwa kichwa, waumini wakaitikia. Aliyoipenda kuliko zote ni ile inayoviita viumbe vyote vimsifu Muumba: jua, mwezi, pepo, milima, miti, wanyama, na mwisho kabisa watu, wakubwa kwa wadogo. Akiishika hiyo, ungedhani amekabidhiwa funguo za dunia.

Miaka ya mwanzo ya tisini, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye korosho, shemeji yake Gasper alijipatia mashine ya kupulizia salfa, ule unga wa kukinga mikorosho na ubwiriunga, ugonjwa unaounguza maua. Gasper huyu ni mdogo wa marehemu mumewe. Veridiana ndiye aliyempikia uji tangu hajui kufunga kaptura. Mashamba yao yamepakana, naye aliahidi kwa kinywa chake: "Nikimaliza kwangu, shemeji, naingia kwako."

Alfajiri tatu mama wa watu alisimama mpakani, khanga imelowa umande. Siku ya tatu mashine ikaunguruma mpaka mkorosho wa mwisho wa Gasper, ikageuka.

"Shemeji, vipi tena?"

"Enzi za ushirika zimepita, shemeji. Siku hizi kila mtu na chake."

Ubwiriunga ukaingia. Maua ya Veridiana yakawa meusi, yakapukutika yote, na kwa Gasper matawi yakainama kwa korosho. Veridiana hakulia wala hakwenda kwa mwenyekiti. Alimchukia tu, tena kwa raha, kama mtu anavyojikuna upele.

Sikukuu ya Mavuno ikafika. Gasper akaingia na suti ya mtumba iliyompwaya mabegani, akabwaga gunia la korosho mbele ya altare, akakaa benchi la kwanza ili aonekane vizuri akimshukuru Mungu. Jamani, watu wengine hawana haya!

Veridiana akasimama. Akaliita jua, likaitikiwa. Akaziita pepo taratibu, amemkazia Gasper macho. Akaita mpaka vitambaavyo. Gasper akaweka kola sawa, maana wanaofuata ni watu. Veridiana akarukia Haleluya ya mwisho, akaketi. Waliokwisha kufungua midomo wakaifunga.

Baada ya ibada Padre Yohana akamwita sakristia.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba. Mama Dominika, leo watu hawakuitwa."

"Gasper alikuwemo."

"Naye ni wa Mungu. Mashine, salfa, yeye mwenyewe, vyote ni vya Mungu."

"Ndilo linaloniuma, Padre! Mungu huyo namjua, hakatai mtu. Nikimwita Gasper tu, atampokea."

Padre akashusha pumzi. "Lakini na wewe ni mtu, mama. Umejiacha nje."

Hilo hakuwa amelifikiria. Dirishani alimwona Gasper akipeana mikono na wazee, meno yote nje. Moyo ulimuuma kweli, maana duniani hakuna alichokipenda kama kuitwa katika zaburi ile. Kisha akakaza khanga kiunoni.

"Basi tukae nje wote wawili, Padre," akasema. "Huko nje ndiko nitakakompata."