Mlishaji wa Sungura Ajifunza Kulisha Seli

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mama Sungura amesimama mbele ya kabati la joto, mikono ameifunga mgongoni. Ndani, kwenye visahani vya plastiki, zinaishi seli za ini la binadamu. Anatamani kufungua. Hafungui.

"Leo siku ya ishirini na sita," ananong'ona. "Bado nne."

Kwa miaka kumi na tisa, mama huyu wa miaka 51 amelisha sungura wa kujaribia dawa katika maabara hii, na jina hilo la Mama Sungura hata bosi wake analitumia. Mwaka huu maabara ilipata ufadhili wa miaka mitatu wenye sharti moja: dawa zijaribiwe kwenye seli, bila mnyama hata mmoja. Chumba cha vizimba kikafungwa na wenzake wawili wakaachishwa kazi. Yeye aliambiwa akizitunza seli siku thelathini zisife, ajira ni yake. Mshahara huo ndio unaomsomesha binti yake uuguzi.

Mara ya kwanza zilimfia siku ya nne. Mlishaji hodari wa sungura hupita vizimbani kila baada ya nusu saa, naye akafanya vivyo hivyo. Kila alipochungulia, joto lilitoka na vijidudu vikaingia. Mazoea yana taabu.

"Nilikuwa naenda kuwasalimia," anasema, akijicheka. "Mtafiti mmoja wa hapa akaniambia, 'Mama, hawa hawataki hodi, wanataka mlango ufungwe.' Nikaenda kulia chooni."

Mtafiti huyohuyo ndiye aliyemwombea nafasi ya pili. "Visahani vinauzwa," anasema. "Mtu wa kuona mapema kwamba kiumbe hakuamka vizuri, huyo hauzwi popote."

Mumewe, fundi viatu, haachi utani. "Hao wasio na mdomo unawalishaje?" humuuliza. Humjibu kwamba ni rahisi kuliko kumlisha yeye.

Anapoulizwa kama anawakumbuka sungura wake, utani unakwisha.

"Nawakumbuka sana. Tarehe ya kufa ya kila mmoja iliandikwa tangu mwanzo kwenye kadi ya kizimba chake. Nampa majani, namwita mwanangu, na tarehe naijua."

Anatazama saa ya ukutani. Kufungua kabati ni saa nne, si kabla.

"Nikiipata kazi hii," anasema, "nitastaafu nikiwa nalisha kitu ambacho sikidanganyi."