Jibu Alilokuwa Nalo Shangazi

Kitabu kile kilinuka dagaa na vitunguu, na mpaka leo nikipita mbele ya duka la rejareja lenye magunia mlangoni, ni mapenzi yanayonijia puani. Babu yangu alikuwa na duka mbele ya nyumba yetu, Temeke, na mara kwa mara alinunua mzigo wa makaratasi ya kufungia bidhaa: madaftari ya wanafunzi yaliyokwisha kusahihishwa, magazeti ya zamani, na vitabu ambavyo wenyewe walikwisha kuvichoka. Humo ndimo shangazi yangu Mwajabu alimokiokota. Ilikuwa riwaya nene ya mapenzi ya enzi za misafara ya pembe za ndovu, lakini haikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa kuwa Babu alikwisha kuzichana akawafungia watu pilipili manga. Jina la kitabu hatukulijua, la mwandishi hatukulijua, na kilichowatenganisha mke na mume wa humo ndani hatukukijua pia. Kwetu hadithi ilianza pale mume anaporudi.

Shangazi mwenyewe alikuwa amerudishwa kwao kwa talaka moja na mumewe Hamadi, mtu wa Chanika. Kosa lake, kwa maneno ya Hamadi, lilikuwa kumjibu mama mkwe. Mwanamke aliyepewa talaka moja hukaa eda, miezi mitatu hivi, na kabla eda haijaisha mume anaweza kumrejea bila mahari mpya wala harusi nyingine. Eda ikipita, kila mtu na njia yake. Kwa hiyo Shangazi alikuwa anangoja, nyumba nzima ilijua anangoja, na kungoja kwake kukawa mchezo wa Bibi. Bibi ndiye aliyemzaa, lakini sijapata kuona mtu akimtafuna mwanawe kwa maneno namna ile. Alimwita “mgeni wetu.” Mgeni wetu ameshakula? Mgeni wetu ameamka, au bado anaota Chanika? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, alisema, na jembe lenyewe likawa masufuria yote, nguo zote za nyumba, na kulala stoo katikati ya magunia ya Babu. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nzuri na kicheko cha karibu, na kila wiki iliyopita nilimwona anapungua.

Kitabu ndicho kilichomshikilia. Mchana vyombo vikishaoshwa, alikaa uani juu ya mkeka akasoma kwa sauti, nasi tukasikiliza: mimi, Bibi aliyejifanya anachambua mchele, na Mama Neema, mpangaji wetu, mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka bara. Riwaya ilimhusu Mwanamkasi, mwanamke wa pwani aliyeachwa na mumewe Kitwana, kiongozi wa msafara. Miaka inapita, Kitwana anarudi na mali na mvi, anamkuta Mwanamkasi kwa mjomba wake, na jioni tatu mfululizo anakwenda kukaa barazani na kuuliza swali lile lile: “Utanipokea?” Jioni ya kwanza mlango unafungwa. Ya pili anapewa maji ya kunywa. Ya tatu Mwanamkasi anatoka na kujibu. Shangazi akifika hapo sauti yake ilitelemka, na hata mchele wa Bibi ulinyamaza kwenye ungo.

Kwa vile kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwenda na pilipili manga, tuligombana kila siku kuhusu sababu ya talaka yao. Shangazi alishikilia kwamba ni fitina za watu, kwamba Kitwana alidanganywa. “Fitina gani?” Bibi alimkata. “Mie nakwambia alimchoka. Mwanamme akikuchoka hahitaji fitina, hata ukikohoa ni kosa.” Mama Neema alikuwa na yake: “Kwetu mwanamke akirudishwa bila kosa, mume anatozwa ng’ombe. Mwanamme akiwaona ng’ombe wanatoka zizini, mapenzi yanamrudia palepale.” Tulicheka sana. Shangazi alicheka pia, kisha akauweka mkono juu ya kitabu kama mtu anayemziba mtoto masikio.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hakulipenda jibu la Mwanamkasi. Kitabuni, Mwanamkasi anasema maneno mengi matamu, kwamba moyo wake haukupata kuhama, kwamba amesamehe kabla hajaombwa, na anaanguka kifuani kwa mwanamume. Shangazi alilisoma hilo mara nyingi, na kila mara aliguna. “Amekubali upesi mno,” aliniambia. “Mtu amekutupa, halafu unamjibu kama muuza duka, karibu tena?” Alisema yeye atatengeneza jibu lake. Basi Bibi akilala mchana, tulikwenda nyuma ya choo, mahali pa kuanikia nguo, mimi nikavaa kofia ya Babu na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikawa Kitwana. Kazi yangu ilikuwa kuuliza tu. “Utanipokea?” Mwanzoni alinijibu ndiyo, haraka, tena kwa machozi. Baada ya muda ndiyo ikaanza kuchelewa, ikapata masharti: mama yako asinitukane, nipate chumba changu, niruhusiwe kuja kwetu Idi. Kisha siku moja alisimama mbele yangu, akajinyoosha urefu wake wote, akafungua mdomo, akaufunga. Akatabasamu. “Nimelipata, Tatu,” akasema. “Lakini silitoi leo. Utalisikia siku yenyewe, wewe na yeye.” Tangu hapo mazoezi yetu yakawa swali peke yake. Niliuliza, naye alinitazama huku amelishika jibu lake kinywani, na uso wake ulikuwa mzuri ajabu. Nilikuwa na miaka kama kumi, na hakuna kitu nilichokitaka duniani kama kulisikia jibu lile.

Hamadi alikuja eda ikiwa imebaki kidogo kuisha, asubuhi, kwa bodaboda. Dereva hakuzima hata injini. Babu alikuwa anapima sukari, na dukani kulikuwa na mteja mmoja tu, kijana aliyesimama akinywa soda. “Shikamoo mzee,” Hamadi akasema. “Nimemrejea mke wangu. Mashahidi hawa hapa.” Akawaonyesha kwa kidevu mnywa soda na dereva wa boda. Babu akasema marahaba, akasema alhamdulillahi, akaongeza kijiko cha sukari mizani ikae sawa. Imekwisha. Hapo ndipo nilipojifunza lile ambalo nadhani Shangazi alilijua siku zote akajisahaulisha: ndani ya eda mume hamwombi mke. Anasema tu. Masheikh watakwambia sharti amrejee kwa wema, na ni kweli imeandikwa hivyo, ila pale dukani hakuna aliyeuliza kuhusu wema. Babu aligeukia ndani akaita, “Mwajabu! Funga vitu vyako, mumeo amekurejea.”

Shangazi alichelewa kutoka, na alipotoka nilijua kwa nini. Alikuwa ametia wanja. Alikuwa amejifunga kanga yake mpya, ile aliyoiweka chini ya gunia la mchele isichafuke. Akasimama kwenye mlango wa kuingilia dukani, akajinyoosha vilevile kama kule nyuma ya choo, akangoja. Hamadi alimtazama mara moja tu. “Mama ameanguka bafuni,” akasema. “Hawezi hata kujigeuza kitandani, na dada zangu wote wana watoto wadogo. Fanya haraka, boda ananingoja.” Shangazi hakutikisika. Alikuwa bado anangoja, nami nikaelewa kwamba anangoja swali, na kwamba swali haliji. Hasira ilinipanda, nikawaza labda mwanamume huyu hakuambiwa maneno yake. Nikayasema mimi. Nikasimama pembeni yake, na kwa sauti nene ya Kitwana nikauliza, “Utanipokea?”

Mnywa soda ndiye aliyeanza kucheka. Hamadi akasema, “Huyu mtoto vipi?” naye akacheka, na dereva akacheka juu ya pikipiki yake bila kujua anacheka nini. Bibi alitokea nyuma akanizaba kofi lililonipeleka hadi kwenye magunia. Kofi lile halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba, nilipoinua macho kumtazama Shangazi, naye alikuwa anacheka. Alicheka pamoja nao, kicheko kidogo cha mtu asiyetaka kuharibu shughuli, akaweka mkono mdomoni, wanja ukaanza kumteremka. Kisha akaingia ndani kufunga vitu. Kwenye boda alikaa kati ya Hamadi na dereva, fuko lake mapajani. Bibi alisimama mlangoni akasema, “Mkataa pema pabaya panamwita, nenda mwanangu,” na hiyo ndiyo mara pekee katika miezi ile niliyomsikia akimwita mwanawe.

Kitabu kilisahaulika stoo. Kesho yake Bibi alikikuta, akakirudisha dukani, na kwa wiki nzima Mwanamkasi na Kitwana wakafungia karanga. Niliziona jioni zao tatu zikitoka mlangoni mikononi mwa watoto wenzangu. Shangazi alimwosha mama mkwe, akamlisha, akamgeuza kitandani na kumfulia mashuka kwa miaka, mpaka yule mama alipofariki. Arobaini ilipokwisha kusomwa, Hamadi akampa talaka ya pili, kwa simu. Eda ile aliikaa peke yake hukohuko Chanika, bila kitabu, na hakuna aliyekuja na boda. Bibi hakusema kitu safari hiyo. Alikwisha kuzeeka, na ulimi wake ulikuwa umechoka kabla yake.

Mwaka jana, Kinondoni ninakoishi, nilimkuta muuza vitabu vya mitumba amevipanga chini kandokando ya barabara. Niliinama kutafuta kitabu cha shule cha mwanangu, nikafungua kimoja kinene katikati, nikaliona jina la Kitwana. Kilikuwa kizima, kina jalada, kina kurasa za mwanzo. Nilikisoma siku ile ile, nimesimama jikoni, maharage yakaungua. Sasa naweza kutoa hukumu yangu ya msomaji, niliyoingoja tangu utotoni. Mwandishi anajua uzito wa pembe na nyimbo za wapagazi, anajua hata harufu ya udi kwenye nguo za Mwanamkasi. Lakini ile sababu tuliyoigombania uani haimo. Talaka yenyewe ni aya moja: asubuhi msafara unaondoka, Kitwana anamwambia mkewe wameachana, anapanda kilima. Hakuna fitina, hakuna uchovu, hakuna ng’ombe. Mwandishi hakuona haja ya kumuuliza kwa nini, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kufika kwenye msamaha. Riwaya za namna hii zinapendwa mpaka leo. Wenzangu kazini wanazisikiliza kwenye simu na kulia mume anaporudi, na nyumba za Temeke zimeezekwa upya zikawekwa vigae, na bado sijasikia hadithi hata moja inayoeleza anayerudi ana mgonjwa gani nyumbani.

Nilimpelekea Shangazi kitabu. Anaishi Chanika hadi leo, amepanga chumba kimoja, anakaanga maandazi barazani asubuhi na jioni. Amenenepa kidogo na amekuwa mkimya. Kile kicheko cha karibu hana. Alikipokea, akakigeuza, akalitazama jalada ambalo hatukupata kuliona, picha ya mwanamume na mwanamke wameshikana mikono. “Kumbe walikuwa hivi,” akasema, akakiweka kando ya beseni la unga. Nikamuuliza lile nililolibeba tangu nilipovishwa kofia ya Babu. Nilimwambia, “Shangazi, siku ile ungemjibu nini?”

Alichukua mwiko, akageuza maandazi yaliyokuwa karaini, yote, moja baada ya jingine, kabla ya kusema. “Lilikuwa jibu zuri, Tatu. Zuri kuliko la huyu wa kitabuni. Nililitengeneza mpaka mwenyewe nikawa naliogopa.” Nikangoja. Nilikuwa mtu mzima, mama wa mtoto, na nilingoja kama nilivyongoja juu ya ile ndoo. Shangazi akatikisa kichwa. “Nimelisahau, mwanangu. Jibu usipoulizwa utaliweka wapi?”

Nilipoinuka kuondoka alitaka nichukue maandazi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, karatasi imerudi kuwa mali. Shangazi akapapasa kando ya beseni, akakichukua kitabu, akachana karatasi mbili za mwisho bila kuzitazama, akanifungia.