Taa Iliyopakwa Siagi

Gari letu lilijulikana shuleni kabla mimi sijajulikana, na kwa mtu kama mimi hilo ni balaa. Mimi ni mtu wa dawati la nyuma, upande wa ukuta. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua jibu lake, naangalia kalamu yangu kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Tuliporudi Juba kutoka Kenya nikaingizwa shule hii, mpango wangu ulikuwa kumaliza sekondari bila mtu kugundua kwamba niliianza.

Mpango huo uliharibiwa na ng'ombe.

Taa moja ya nyuma ilikuwa imeshavunjwa na lori la maji lililorudi nyuma bila kuangalia, hapa hapa mtaani kwetu Gurei, mbele ya nyumba yetu. Ya pili ilivunjwa na ng'ombe mwenye pembe ndefu kuliko mikono yangu. Alikuwa anavuka barabara na wenzake, baba akampigia honi, wakapishana, halafu ng'ombe akageuza kichwa kuangalia ni nani huyo. Kioo chekundu kikamwagika chini. Baba alishuka kwa hasira, mlango ameuacha wazi. Akatazama pembe. Akamtazama mwenye pembe. Akarudi ndani, akafunga mkanda.

"Malesh," akasema kupitia dirishani. Alimwomba ng'ombe msamaha, nilisikia kwa masikio yangu.

Lakini baba si mtu wa kushindwa. Siku hiyo hiyo alichukua jagi jekundu la plastiki, lile la juisi ya wageni, akalikata vipande viwili na kuvifunga juu ya taa kwa selotepu. Upande wa kushoto ulibaki na mkono wa jagi. Nikamwambia aukate. Akasema utafaa kushikia wakati wa kubadilisha balbu.

Basi kila asubuhi tukifika langoni, wavulana wanaoegemea ukuta wa shule walikuwa wanapokea gari kwa kelele. "Jagi imefika! Leteni glasi!" Na mimi nikishuka: "Binti Jagi, leo ni embe ama nanasi?" Mimi hutembea nikiangalia viatu vyangu. Hakuna mtu Juba anayevijua viatu vyake kama mimi.

Nikamwomba baba awe ananishusha kwenye kona, kabla ya lango.

"Kwa nini? Petroli imeisha?"

"Hapana, baba. Nataka tu kutembea."

"Mimi nilitembea Nakuru miaka yote ili wewe usitembee. Nitakushusha langoni, pale mlinzi anapoona."

Lile ndilo gari la kwanza katika ukoo wetu mzima. Baba huliosha Jumamosi huku akiongea nalo. Kwa hiyo nikaumwa tumbo. Nikaumwa tena kesho yake. Siku iliyofuata mama akaweka mkono wake juu ya tumbo langu, akaminya kidogo kama anayechagua parachichi sokoni.

"Hili tumbo halina kitu," akasema. "Sema."

Nikasema. Nikasema sirudi shule na lile jagi, hata nikipigwa. Usiku nilimsikia akimweleza baba jikoni, halafu baba akasema polepole, "Kumbe mtoto anaona aibu na gari langu." Afadhali angekasirika.

Jumamosi hakuliosha gari. Aliniambia nipande, tukaenda mtaa wa Hai Jalaba, kwa Msomali mmoja anayeuza vipuri, aliyekulia Nairobi na anayeongea Kiswahili haraka kama mtu anayetangaza mpira.

"Taa nzima hakuna, mzee wangu, walahi. Lakini kioo peke yake iko. Ya kulia, ya kushoto, zote."

"Kioo peke yake nitafanyia nini? Taa yenyewe imegandishwa na gundi kiwandani. Haina hata skrubu moja."

"Unaibandua."

"Naibandua na nini?"

"Na moto, mzee. Gundi inapata joto, inalainika, unatoa kioo ya zamani, unaweka mpya na silikoni. Oveni si iko nyumbani?"

Baba alitazama juu kidogo. Hivyo ndivyo anavyotazama kabla ya kusema jambo lisilo kweli.

"Iko," akasema, akalipia vioo vyote viwili na silikoni.

Oveni haiko. Tulicho nacho ni jiko la makaa, sufuria mbili kubwa, na mama, ambaye huoka keki za harusi na ubatizo za nusu ya Gurei. Sufuria ndogo inaingia ndani ya kubwa yenye mchanga, makaa machache chini, makaa mengine juu ya kifuniko. Keki yake hupanda ikawa laini kama mto wa kulalia.

Baba alitafuta video kwenye simu. Mzungu mmoja, katika jiko kubwa kuliko nyumba yetu, akaingiza taa ndani ya oveni, akaitoa, akakibandua kioo, akakiinua juu akitabasamu. Hapo mtandao ukagoma. Mzungu akabaki anatabasamu, kile kiduara kinazunguka juu ya uso wake. Tukangoja. Kikaendelea kuzunguka.

"Kalas, inatosha," baba akasema, akaweka simu mfukoni. "Ya maana tumeona."

Sehemu ngumu ilikuwa mama.

"Sufuria yangu ya keki? Niweke kitu kilichogongwa na ng'ombe?"

"Kidogo tu, mama watoto."

"Na moto atashika nani?"

"Mimi."

"Wewe uliyeunguza chai?"

"Chai haiungui."

"Wewe uliiunguza."

Kwa hiyo moto alishika mama. Na mama akishika moto, mikono yake hufanya kazi bila kumuuliza. Akapanga makaa, akapasha mchanga, akachota siagi kwa vidole, akaipaka sufuria ndogo chini na pembeni, akanyunyiza unga, akaigonga gonga ili unga usambae. Hakuna aliyeshtuka. Nyumbani kwetu sufuria ya kuoka hupakwa siagi, kama mtoto anavyopakwa mafuta akitoka kuoga. Mimi nilikuwa nimeshika balbu na waya, baba alikuwa ameshika bisibisi, sote tukiwa makini kabisa. Taa ya kwanza ikalazwa ubavu. Kifuniko kikawekwa.

Baada ya muda kichwa cha jirani kikatokea juu ya ukuta wa mabati. Yeye ni Mganda, huuza chapati, na pua yake haipitwi na kitu.

"Mama, leo iko napika nini? Harufu nzuri."

"Taa," mama akasema.

"Taa ya nini?"

"Ya gari."

Jirani alifikiri sana.

"Sasa hiyo nakula na nini?"

Mama alifunua kifuniko, akachoma gundi kwa ncha ya kisu, akakitazama kisu kwenye mwanga. "Bado. Katikati ni mbichi." Akafunika. Alipofunua tena, kisu kikazama chenyewe, naye akatangaza kwa ile sauti anayoitumia kwa keki za harusi: "Imeiva!"

Baba akaingiza bisibisi upande mmoja, mama akaingiza mwiko upande mwingine, wakavuta, mmoja akimlaumu mwenzake. Gundi ilivutika kama chingamu. Mabaki ya kioo cha zamani yakatoka na sisi tukachungulia ndani ya taa. Ilikuwa inang'aa.

"Ona hiyo!" baba akasema. "Moto umeisafisha. Kama mpya!"

Ilikuwa siagi. Iliyeyuka ikaingia kila mahali, na unga juu yake. Nadhani kile ambacho yule Mzungu angetuonyesha baada ya kutabasamu kilikuwa namna ya kusafisha, lakini Mzungu alikuwa bado anazunguka. Taa ya pili nayo ikaokwa vivyo hivyo. Silikoni aliipaka mama, kwa mkono ule ule wa kupamba keki, na kwenye kona ya taa ya kulia akamalizia na ua dogo. Vioo vipya vikakandamizwa, vikafungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa pikipiki. Jumapili baada ya kanisa baba akazirudisha taa mahali pake, akakaa kwenye usukani, akakanyaga breki.

Nyekundu! Pande zote mbili, nyekundu ya dukani. Mama akapiga vigelegele. Jirani naye akapiga, ingawa nadhani bado alikuwa anangoja chakula. Baba akatoa kichwa nje.

"Na tumbo? Kesho litakuwaje?"

"Limepona," nikasema.

Jumatatu nilikaa wima kwenye kiti. Tulifika langoni, wavulana walikuwa mahali pao. Mmoja akafungua mdomo, akatazama nyuma ya gari, akaufunga. "Jagi iko wapi?" akauliza, kwa huzuni ya mtu aliyekuta duka limefungwa. Nikafungua mlango. Baba aliendelea kukanyaga breki ili kila mtu aone vizuri.

Ndipo mmoja akapiga kelele: "Aki kujeni! Kuna watu ndani ya taa!"

Walikuwa sisimizi. Taa ina tundu dogo chini la kupumulia, na sisimizi wa Gurei hawahitaji kualikwa mara mbili. Walikuwa mamia, wakipanda na kushuka kwa mstari, wengine wamebeba chembe za unga, na mwanga wa breki ulikuwa unawakuza hadi wakawa kama abiria wenye mizigo. Lango zima likakimbilia nyuma ya gari. Wavulana, wasichana, mlinzi mwenyewe. Nilipita katikati yao na hakuna aliyenitazama. Hakuna! Nilifika hadi kwenye mlingoti wa bendera nikiwa kama hewa, jambo nililoliomba tangu siku ya kwanza.

Nikageuka kidogo tu, kuona.

Baba alikuwa bado ndani, mguu kwenye breki, anatabasamu kwenye kioo cha pembeni. Alidhani wanasifia taa. Aliwapungia mkono.

Nilivitazama viatu vyangu. Vilikuwa vimeshaanza kurudi.

Nikajipenyeza hadi dirishani. "Baba, achia breki."

"Waache waone."

"Baba, shuka uangalie."

Akashuka. Wakampisha. Akainama, akatazama, akasogeza pua, akanusa. "Siagi," akasema kwa sauti ndogo sana.

Kicheko kilichotoka hapo! Yule wa embe na nanasi alikuwa ameshika tumbo. "Mzee, taa mnapaka siagi?"

Baba akasimama wima. Nikamwona anaanza kutazama juu kidogo. Nikajua uongo unakuja, na utakuwa mbaya, na watauimba hadi mwisho wa mwaka.

"Tulizioka," mtu akasema.

Sauti ilikuwa yangu. Wote wakageuka, macho yale yote, na miguu yangu ikataka kwenda, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia.

"Mama huoka keki. Taa haikufunguka, tukaioka. Na sufuria ya keki hupakwa siagi. Wewe ungeioka kavu?"

Yule mvulana alifikiri. "Ingeshika chini," akakubali.

"Basi."

Wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa na nafasi ya mimi kuingia, nikaingia. Mlinzi akauliza kama mama huchukua oda, maana ana ubatizo wa mtoto. Baba akanitazama kama mtu aliyesikia redio ya zamani ikiwaka yenyewe.

"Jioni nikuchukue wapi?" akauliza. "Kwenye kona?"

"Hapa hapa langoni, baba."

Jioni tulimkuta mama ameshawasha makaa kwa ajili ya keki ya mtu, na baba akamweleza yote, akiigiza hadi sisimizi. Tulingoja acheke, au angalau aseme pole. Yeye akajifuta mikono kwa kitenge.

"Lakini ilishika?" akauliza. "Niambieni ukweli. Ilishika sufuria hata kidogo?"