Kituo cha Dakika Kumi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hili kwa kujisifu wala kwa kuomba radhi. Nalisema kama mtu anavyotaja kimo chake. Nyumba yetu iko Ghubra, hapa Maskati, kazi yangu iko Rusayl, kwenye ghala la kiwanda cha mabomba, na mwendo huo mfupi wa gari naufungia safari kweli kweli: chupa ya chai, kitaulo, mto mdogo wa kuegemeza mgongo. "Huyu akifika Rusayl hutafuta pa kugongewa pasi muhuri," mke wangu huwaambia watu. Mara moja tulialikwa harusini Sidab, mji huu huu, nikawa kila baada ya robo saa natazama saa yangu. Nilikuwa nimeacha dirisha la jikoni wazi. Au nilidhani hivyo.

Kwa hiyo mtu akisikia kwamba mimi ndiye niliyepanga safari ya treni ya kuvuka milima ya Alpi, kutoka Uswisi mpaka Italia, lazima aulize nani alinishika shingo. Alinishika mama.

Lakini nianze na treni nyingine. Sisi ni watu wa Tabora. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Waarabu wengi wa bara walipokuwa wanarudi Oman, baba naye aliuza duka, akafunga mizigo, tukapanda treni ya Dar es Salaam: yeye, mama na mimi, nikiwa na miaka sita. Kwenye kituo kimoja njiani, ambacho mama hajapata kukitaja jina, baba alishuka kununua mayai ya kuchemsha. Treni ikaondoka. Tulifika Dar wawili, na Maskati tukafika wawili. Baadaye zilikuja barua tatu kutoka Tabora, kila moja ikisema yuko njiani anakuja. Miaka ikapita, ikaja habari kwamba amefariki huko huko Tabora.

Nyumbani kisa hiki kina maneno mawili tu: treni ilimwacha. Na kina nyongeza moja, niliyoisikia kwenye kila harusi na kila matanga: kwamba mayai yale yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeyalilia. Mjomba wangu mmoja, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniona bila kuniuliza, "Vipi wewe, umeshashiba mayai?" Watu wakicheka, nami nacheka. Ningefanya nini? Nimekua nikijua kwamba nilimla baba yangu, kwa chumvi kidogo.

Basi. Miaka ya elfu mbili ndiyo kwanza imeanza, mke wangu akarudi kutoka kwa daktari wa meno na jarida alilolichukua kwenye chumba cha kungojea. Anasema aliruhusiwa. Ndani mlikuwa na picha ya treni nyekundu juu ya daraja la mawe lililojizungusha kama mikunjo ya kilemba, na nyuma yake milima ya theluji. Mama alikuwa anachambua mchele. Akavaa miwani, akasogeza sinia.

"Hii inakwenda wapi?"

"Italia, mama," mke wangu akasema. "Unapandia Uswisi, unashukia Italia. Kama saa nne hivi njiani."

"Inasimama?"

"Kusimama inasimama."

"Dakika ngapi?"

Mke wangu akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia mchele.

"Nataka kuipanda hiyo," mama akasema, akarudi kwenye sinia lake.

Oman haina treni. Ni jambo ambalo nimeishukuru nchi hii kimya kimya miaka yote. Mama hakuwa amepanda treni wala kusikia honi yake tangu siku ile, na mimi nilidhani tumeshakubaliana, bila kusema, kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Mke wangu, ambaye kwao ni Unguja, alifurahi kama aliyealikwa yeye. "Nnataka kuiona hiyo treni, mama. Mie nimeijua kwenye televisheni tu."

"Nyie wa Unguja treni mtaijulia wapi?" mama akamwambia. "Mkiona reli mnadhani ngazi imelala."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikatumwa Ruwi, kwenye ofisi ya tiketi.

Nimemaliza sekondari tu, na somo pekee nililopata alama za kumwonyesha mtu ni jiografia: nilikuwa hodari wa kukariri nchi nisizokusudia kuzikanyaga. Sasa nikawa na kazi. Yule karani wa tiketi, Mhindi mpole mwenye tai ya kahawia, alinitolea ratiba zilizokuja kwa faksi, karatasi inajikunja yenyewe kila ukiiachia. Nikaitandaza juu ya meza ya kulia, nikaikandamiza kwa vikombe pembe nne, nikachukua rula. Kutoka Chur, Uswisi, hadi Tirano, Italia. Viza mbili, kwa sababu nchi mbili. Treni mbili za kuchagua: moja ya fahari, yenye vioo vikubwa visivyofunguka, inayopita vituo vingi bila kusimama, nyingine ya kawaida, inayosimama kila mahali, na juu kabisa mlimani husimama dakika kumi ili watu washuke wapige picha.

Kila siku baada ya swala ya alasiri mama alikuja kukaa na tasbihi yake, na mke wangu akamsomea vituo. Mama hakutaka majina. Alitaka dakika.

"Mbili," mke wangu anasoma.

"Mbili," mama anasema.

"Moja."

"Moja."

Alikuwa anazirudia kwa sauti ya mtu aliyesimama kwenye jukwaa la kituo. Nikaanza kuisikia treni yenyewe. Mchana nimejilaza, kiyoyozi kinazima na kuwaka, nami nasikia chuma kinagonga chuma chini ya kitanda. Nikiinuka, hakuna kitu. Siku moja mke wangu alitaka kukaa kwenye kochi, ubavuni mwa mama. Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye ratiba.

"Hapo pana mtu," akasema.

Mke wangu akabaki amesimama na kikombe chake. Kuanzia siku ile kila mmoja wetu alipita mbali na upande ule wa kochi, na jioni nilipoweka gazeti pale bila kufikiri, niliona nimefanya utovu wa adabu, nikaliondoa.

Nikajiambia nimeelewa: mama anaogopa vituo. Ndiyo maana anauliza dakika. Nikachagua treni ya vioo. Nikamwambia yule karani atushikie nafasi tatu, nikarudi nyumbani najiona mwana mwema mwenye akili.

Makoti tuliazima kwa shemeji yangu aliyesoma Uingereza, matatu, yananuka nondo na dawa ya nondo pamoja. Alhamisi moja mwezi wa saba, nje kunachoma, mke wangu akateremsha kiyoyozi mpaka digrii kumi na sita, akafunga milango, akapanga viti vya kulia sebuleni kama behewa: viwili vinatazama viwili. "Yallah, abiria wapande," akatangaza, chupa ya chai kwapani. "Tiketi! Wewe bwana, mbona huna tiketi? Nakushusha Rusayl."

Mama alikaa dirishani, kule kunakoonekana ua na geti. Koti lilikuwa limefungwa vifungo mpaka kidevuni. Alionekana mdogo ndani yake, kama mtu aliyewekwa pale na wengine. Mimi nikakaa mbele yake. Mke wangu akakaa ubavuni mwangu. Kiti cha nne, ubavuni mwa mama, hakikukaliwa na mtu.

Nikaona ndio wakati wa kutoa habari njema. "Mama, nimechagua ile ya vioo. Haisimamisimami. Madirisha yenyewe hayafunguki. Hakuna wa kushuka."

"Nani kakwambia nataka isiyosimama?"

"Si kila siku unauliza dakika?"

"Nauliza kwa sababu nataka zitoshe."

"Zitoshe nini?"

"Wewe kushuka," mama akasema. "Ushuke, utembee, urudi upande. Nami nikiona kwa macho yangu."

Nikafanya ninachofanya siku zote nikiguswa: mzaha. "Na mayai nikuletee mangapi?"

Mke wangu akaweka chupa ya chai chini, taratibu.

"Hukulilia mayai," mama akasema.

"Mama—"

"Ulikuwa umelala. Kichwa chako kilikuwa hapa." Akagusa paja lake, juu ya koti. "Hakuna aliyetaka mayai. Baba yako alisimama tu, akasema anashuka mara moja, ananyoosha miguu. Honi ikalia. Akaisikia, maana aligeuka. Akanitazama. Nikamwita. Hakuwa mbali, kama hapo getini. Na mbio alikuwa nazo baba yako, angetaka angefika. Alisimama akatutazama mpaka tukapita."

Kiyoyozi kilivuma.

"Sasa mayai yalitoka wapi?"

"Watu wa huku walikuwa wananiuliza, alishuka kufanya nini? Ningewaambia nini? Kwamba alituona na hakuja? Mtoto wa miaka sita hakuna anayemlaumu. Nikasema mtoto alililia mayai." Akatazama mikono yake. "Na hawakukulaumu. Walicheka tu."

Ni kweli. Walicheka tu. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu kicheko kile, miaka thelathini ya kicheko, lakini alikuwa bado hajamaliza.

"Alikuwa mtu wa nyumbani, baba yako. Hata kwenda Urambo kununua asali, tumbo lilikuwa linamuuma tangu jana yake. Nami nilimshikilia tuje huku. Ni mimi niliyeshikilia. Kila ukikataa kutoka, mwanangu, ukianza habari zako za dirisha la jikoni, namwona yeye. Nimesimama jikoni, namwona. Nimechoka kumwona amesimama vile." Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi, "Shuka."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Treni imesimama."

"Mama, nje moto," mke wangu akasema. "Na koti lile atazimia."

"Atashuka na koti. Kule ni baridi."

Nikainuka. Nilitoka nikiwa na tabasamu la kipumbavu usoni, mtu mzima, nimevaa koti la sufu mwezi wa saba Maskati, naelekea uani. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Joto likanikumbatia juu ya baridi niliyotoka nayo. Kiyoyozi kilikuwa kinatona maji kwenye saruji, na kila tone lilikauka kabla ya lingine. Nikatembea mpaka getini, kwa sababu ndiko alikosema, kama hapo getini, nikageuka.

Mama alikuwa kwenye kioo. Uso tu, na kola ya koti. Hakuniita.

Sijui nielezeje bila kujionyesha mtu mbaya. Sikuwa na hasira naye. Mke wangu nampenda, na nyumba ile ndiyo kitu pekee nilichowahi kukitaka. Lakini pale getini, barabara ikiwa mgongoni mwangu, kwa muda fulani hakukuwa na mtu anayenitaka chochote. Nilikuwa mwepesi. Jasho linanitiririka ndani ya koti la watu, na mimi mwepesi kama niliyevuliwa mzigo kichwani. Nikawaona walio ndani wamekaa kwenye viti vyao, wanakwenda zao, na nikaona ingekuwa rahisi sana. Hakuna hata haja ya kufanya jambo. Ni kusimama tu.

Mke wangu alitokea kwenye kioo, akataka kugonga. Mama akamzuia kwa mkono, bila kumtazama.

Sikumbuki niliamua nini. Nakumbuka mlango, kisha baridi ya kumi na sita ikanipiga usoni, kisha kiti changu.

"Dakika ngapi?" nikauliza. Sauti ilitoka ya mtu mwingine.

"Sikuhesabu," mama akasema.

Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kulia, nami nikautazama. Nilikuwa nimeshika funguo za gari. Funguo zile hukaa kwenye msumari kando ya mlango. Lini nilizichukua, mpaka leo sijui. Mke wangu alianza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani.

Mama alifungua kiganja, akanisogezea. Nikamwekea funguo. Akazitia kwenye mfuko wa koti, akafunga kifungo cha mfuko, akahakikisha kimefunga.

"Jumamosi uende Ruwi," akasema. "Ukate ile inayosimama dakika kumi. Na pasi zote tatu nitashika mimi."