Mtu wa Bati kwenye Ukuta wa Bosibori

Mlio ambao Bosibori hajausahau ni wa drili ikila ukuta wa sebule yake mpya. Ulikuwa mwembamba na mkavu, kama jino linalokwanguliwa kwa ncha ya msumari. Alikuwa uani akimenya ndizi za kupika. Aliusikia, mate yakamjaa mdomoni, akatema kwenye maganda.

Kinyaa amezaliwa nacho. Alipoolewa huku Nyacheki, mama mkwe alimkaribisha kwa maziwa ya kibuyu, na ndani yake kulikuwa na unywele. Aliyameza yote kwa adabu, kisha akazunguka nyuma ya migomba akayarudisha ardhini. Wake wa ukoo walimwona, wakamwita Anayeosha Maji. Jina halikumuudhi. Akitoka kuchuma chai alisugua vidole kwa majivu mpaka weusi wa majani umtoke, na kila Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, alisiriba upya sakafu ya nyumba yao ya udongo.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na picha moja ukutani: mumewe Masese, ndani ya koti la kuazima, kapigwa picha studio mjini Kisii mbele ya pazia la kuchorwa. Ndivyo kuta za sebule zilivyo huku kwetu. Huwekwa walioolewa, waliohitimu na waliozikwa. Mgeni akiingia, kabla hajakaa, huzitazama picha na kuuliza habari za kila mmoja. Hakuna anayetundika mtu asiye wake.

Binti yake, Nyanchera, alikuwa na mawazo mengine. Kazi yake mjini ni kupamba ofisi na mahoteli, na kwa kazi hiyo alimjengea mama yake nyumba ya mawe. Akaja mwenyewe kuipamba, akiwa na picha za bati: michoro ya Waingereza wa enzi za Malkia Viktoria, iliyochapwa upya juu ya mabamba ya alumini. Juu ya meza ya kulia alitundika pweza mwenye mikono kama matumbo yaliyomwagika. Kando yake kaa, konokono aliyetoka nusu kwenye gamba lake, mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anayeng'aa kwa ute, na nguruwe aliyenona hadi macho yakazama. Ukutani pa heshima, mkabala na mlango, akaweka uso wa mwanamume. Daktari fulani wa zamani alimchora mgonjwa wake. Uso na ndevu vilikuwa vya wino wa kahawia, na rangi ilitiwa mahali pamoja tu: kwenye taya, palipokuwa na uvimbe mwekundu uliopasuka katikati, na majimaji ya manjano yakishuka hadi kwenye kola.

"Nyanchera, huyu ni nani?"

"Hakuna anayemjua, Mama. Wazungu wale walichora kila kitu, hata magonjwa. Hotelini wateja wanazipenda hizi. Hazishiki vumbi, hazioti ukungu. Unapanguza tu kwa kitambaa."

"Nipanguze usaha wa mtu nisiyemjua?"

Nyanchera akacheka. "Huo hautoki, ni rangi."

"Na baba yako yuko wapi?"

"Kwenye droo, chumbani kwako. Picha imefifia na fremu imeliwa na mchwa. Itaharibu sebule."

"Alikufa akiitamani nyumba ya mawe. Sabato hii akina mama wa kanisa wanakuja kuiombea. Nataka awe ukutani, ili naye aingie humu."

"Mama, ukuta umeshakamilika. Tafadhali usiniaibishe."

Katika nyumba ya kupewa mtu huishi kwa sauti ya chini. Lakini siku zile Bosibori alikula jikoni, akiwa amegeuzia sebule mgongo.

Sabato alasiri akina mama walifika. Wa kwanza kuvuka kizingiti alikuwa Jemimah, jirani anayechuma chai naye tangu ujana, mwanamke asiyejua kuufunga mlango wa mdomo wake.

"Sabato njema, Mama Nyanchera. Yaani mabati ya paa yalibaki, ukaamua kuyamalizia ndani?"

Walicheka, wakanawa, wakaketi. Palikuwa na kuku, ndizi, ugali wa wimbi, na mboga ya chinsaga iliyopikwa kwa maziwa ikalainika. Kisha Jemimah akainua macho.

"Huyu wa matumbo nje ni nani?"

"Pweza," alisema Nyanchera. "Ni wa baharini. Kuna watu wanamla."

"Wamle huko huko. Wanyama wote waliokatazwa katika Walawi umewatundika juu ya chakula! Binti yangu, hata nguruwe? Ananitazama kama anataka paja la kuku."

Mmoja alicheka, mwingine akasukuma sahani. Kuliko huyo pweza, mkunga ndiye aliyewashinda. Ute wake ulichorwa vizuri hivi kwamba mtu alihisi utadondoka kwenye mchuzi. Bosibori alipakua chinsaga, akaona maziwa yake yakidondoka kutoka kwenye mwiko, akaurudisha mwiko bakulini.

Ndipo aliposimama Ruth, mke wa mchungaji, aanzishe maombi. Yeye na mumewe walikuwa wamehamia kutoka Nyansiongo mwezi ule, na hakuwahi kumwona Masese. Alikuwa amesikia tu kanisani kwamba mume wa Bosibori alikufa kwa uvimbe wa taya. Kama mgeni yeyote mwenye adabu, alimtafuta mwenye nyumba ukutani. Akamkuta. Akaenda mbele ya yule mtu wa bati, akainamisha kichwa.

"Pole, omong'ina," alisema, akimwita kwa heshima ya umri wake. "Sikujua baba aliteseka hivi. Na mmekuwa na ujasiri wa kumtundika jinsi alivyokuwa."

Hakuna aliyetafuna. Bosibori alimtazama yule mtu na taya yake iliyopasuka, kisha akafumba macho.

"Tuombe," alisema.

Maombi yalikuwa mafupi. Akina mama waliaga wakiwa na njaa yao, na chakula kikabaki mezani kikiganda mafuta.

"Kwa nini hukumwambia ni mzungu?" Nyanchera alifoka mlango ulipofungwa. "Umeacha waombee mchoro!"

Bosibori hakumjibu. Alivuta kiti, akapanda, akamtoa mtu wa bati kwenye msumari. Alikuwa baridi na mwepesi kama sinia. Akambeba mikono ikiwa imenyooshwa, uso kaugeuza pembeni, akamtupa kwenye shimo la maganda. Aliporudi aliipitia droo, akaja na picha ya Masese kifuani.

Nyanchera alikuwa katika shule ya bweni baba yake alipougua. Akija likizo alimkuta kajifunga skafu, kaketi gizani, na mama yake akimzuia mlangoni; akadhani ni kinyaa.

"Ni picha tu, Mama," alisema, akikaribia kulia. "Hata picha inakutia kinyaa?"

Bosibori aliitundika picha, akaunyoosha upande mmoja wa fremu. Kisha akausogeza mkono wake wa kulia mbele ya binti yake, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Usaha wa baba yako niliufuta kwa mkono huu. Na nilikuwa nikila kwa mkono huu huu."